Minecraft: Uhuru wa Kujenga na Mapungufu Yake

Minecraft ni mchezo wa video usiomwamuru mchezaji afanye nini. Ulianza kuonekana mwaka 2009 ukiwa kazi ya Markus Persson wa Uswidi, ukatolewa rasmi mwezi Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua Mojang, kampuni inayoutengeneza, kwa dola bilioni 2.5. Nakala zilizouzwa zimekwisha kupita milioni 300. Wengi huusifu kwa ukubwa wa ulimwengu wake, lakini kwa maoni yangu ukubwa si hoja, kwa kuwa hakuna atakayeumaliza kwa miguu. Uzuri wake umo katika kanuni.

Kila kitu humo kimeundwa kwa matofali yenye upana wa mita moja, na karibu kila tofali linaweza kung'olewa, kubebwa na kuwekwa penginepo. Mti ukikatwa hutoa gogo, gogo hutoa mbao, na mbao hutoa meza ya ufundi ambayo juu yake hutengenezwa sururu. Sururu ya mbao huvunja jiwe, ya jiwe huchimba chuma, na ya chuma ndiyo inayofikia almasi. Ngano hukua vizuri pale ambapo maji hayako mbali zaidi ya matofali manne. Tofali lililo chini ya mchanga likiondolewa, mchanga huporomoka, ilhali jiwe hubaki likining'inia hewani, jambo lisilo la kweli hata kidogo, lakini mchezaji hulizoea mapema na kulitumia katika ujenzi wake. Kanuni hizi ni chache, hazibadiliki, na kwa sababu hiyo mchezaji huweza kupanga kazi kubwa akiwa na hakika ya matokeo.

Siku nzima ya mchezo huchukua dakika 20, na usiku unapoingia hutokea mazimwi, akiwemo Creeper, ambaye humsogelea mtu kimyakimya kisha akalipuka pamoja na ukuta uliojengwa kwa taabu. Hofu hiyo ndiyo inayomsukuma mgeni kujenga kibanda chake cha kwanza. Baadaye huanza kujali dirisha litazame wapi na paa liwe la rangi gani. Anayetaka kujenga bila kusumbuliwa huchagua hali ya ubunifu, ambamo vifaa havina kikomo. Kuna pia redstone, vumbi jekundu linalopitisha ishara kama ya umeme kwa umbali wa matofali 15, ambalo kwalo watu wamebuni milango inayojifungua na hata kompyuta zinazofanya hesabu.

Faida ya ujenzi huu imevuka burudani. Tangu mwaka 2012 Mojang imeshirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu jijini Nairobi, katika mradi wa Block by Block, unaowawezesha wakazi kuonyesha ndani ya mchezo jinsi wanavyotaka maeneo yao ya umma yawe. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kijana asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi anaweza kuzunguka ndani ya mchoro huo, akaonyesha mahali pa kuweka taa.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba haufundishi. Kitabu cha mapishi kilichoongezwa mwaka 2017 huonyesha namna ya kuunda vifaa, lakini mambo kama kuitafuta ngome ya chini ya ardhi yenye lango la kumfikia joka, adui mkuu wa mchezo, ni vigumu mtu kuyagundua peke yake, hivyo wachezaji wengi hulazimika kuuacha mchezo na kutafuta maelezo kwenye video. Joka likishauawa, hakuna lengo jingine linalolingana nalo. Mwenye wazo lake ataendelea kwa miaka. Asiye nalo, hasa akicheza peke yake, huchoka upesi. Vilevile aina za vitu zimeongezeka sana, ilhali mkoba umebaki na nafasi 36, na vifuko vilivyoletwa mwaka 2024 vimepunguza kero hiyo bila kuiondoa.

Mnunuzi ajihadhari na matoleo. Java ni la kompyuta. Bedrock ni la simu, Windows na mashine za michezo, na wachezaji wa matoleo haya mawili hawaingii pamoja. Bedrock lina soko la ndani linalotumia sarafu zinazonunuliwa kwa fedha halisi, na naona si haki kwamba mtoto ambaye mchezo wake umekwisha kulipiwa aendelee kuonyeshwa bidhaa. Mzazi aweke kizuizi cha malipo mapema. Tangu mwaka 2022 matoleo yote mawili huuzwa pamoja kwa kompyuta ya Windows, lakini nakala ya simu haimpi mtu haki ya kucheza kwenye kompyuta. Kwa familia yenye watoto wawili au zaidi nausifu bila kusita, kwa kuwa vifaa vyenye toleo moja vilivyo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani huweza kuingia katika ulimwengu mmoja bila kulipia seva, na mchezo huu hunoga zaidi ukiwa na mwenzako wa kujenga naye.