La Reine Margot: Sumu, Kiti na Sitara ya Nyumba

Riwaya ya Alexandre Dumas iitwayo La Reine Margot ilianza kutoka kwa mfululizo katika gazeti moja la Paris mwezi wa Disemba 1844, miezi michache tu baada ya Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuandika kumbukumbu za maisha yake, kuzaliwa katika kasri la Mtoni, hapa Unguja. Hapana aliyezipanga tarehe hizo mbili zikaribiane, lakini nilizikumbuka kila nilipokifungua kitabu, kwa sababu mambo anayoyasimulia Dumas, ndugu wanaoviziana chini ya paa moja, barua zinazopitishwa kwa siri na wanawake wanaojua zaidi ya wanayoyasema, ni mambo ambayo msomaji aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kufafanuliwa sana. Nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza katika muda wa wiki tano, na nyakati za usiku nilikuwa nikimhadithia bibi yangu kwa Kiswahili yale niliyoyasoma mchana, naye akawa msikilizaji mkali kuliko nilivyotarajia.

Hadithi inaanza tarehe 18 Agosti 1572, siku ya harusi. Marguerite wa ukoo wa Valois, dada wa Mfalme Charles IX wa Ufaransa, anaolewa na Henri, mfalme kijana wa Navarre na kiongozi wa Waprotestanti wa Ufaransa, ambao huko waliitwa Wahugenoti. Ndoa hii ya Mkatoliki na Mprotestanti ilitangazwa kuwa ni suluhu ya vita vya dini vilivyokwisha kuipasua nchi, na mabwana wa Kihugenoti walifurika Paris kwa mamia ili kuishuhudia. Siku sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, kengele ya kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois lililo mkabala na kasri la Louvre iligongwa, na wageni wale wakaanza kuuliwa vitandani, ngazini na barabarani. Haya ni ya kweli, yamo katika tarehe ya Ufaransa, na Dumas hakuyabuni. Alichokifanya yeye ni kutuingiza katika nyumba ambamo shauri hilo lilikatwa. Niliposimulia sehemu hii, bibi alinikatiza akaniuliza, "Mwanangu, wageni wa harusi?" Nikamwambia ndio, wageni wa harusi, waliokwisha kula na kunywa pale pale. Alinyamaza kitambo kirefu, na mimi pia nilielewa wakati huo kwamba ubaya wa usiku ule hauko katika wingi wa maiti peke yake, bali katika kuvunjwa kwa amana ya mgeni, jambo ambalo kwa watu wa pwani hakuna dhambi inayokaribiana nalo.

Ukikisoma kwa haraka utadhani hiki ni kitabu cha dini. Dini imo, na inaua, lakini ukiingia ndani ya kasri huoni watu wanaobishana juu ya imani. Unaona watu wanaogombania kiti. Malkia mama, Catherine de Médicis, mzaliwa wa Florence, ana watoto watatu wa kiume walio hai, na ameaminishwa na ishara za nyota na za matumbo ya kuku kwamba hao wote watakufa na kiti kitamwangukia Henri wa Navarre. Kila alifanyalo tangu sura za mwanzo ni kujaribu kuifuta ishara hiyo. Wale wanaouana mitaani huku wamefunga vitambaa vyeupe mikononi wanadhani wanampigania Mungu. Ndani, mama anahesabu watoto wake. Henri naye, anapotakiwa na mfalme kuchagua baina ya misa ya Kikatoliki, kifo na gereza la Bastille, anaikubali misa ili apate kuishi. Dumas hamlaumu kwa hilo wala hamsifu, na mimi niliona ni busara kubwa ya mwandishi kumwacha msomaji apime mwenyewe.

Hapa ndipo msomaji wa Kizanzibari anaposoma kwa jicho lake. Sisi tunayo kumbukumbu ya mwaka 1859, pale Sayyid Barghash alipotaka kumpindua nduguye Sayyid Majid, aliyekuwa Sultani, miaka mitatu baada ya baba yao kufariki baharini. Salme, dada yao, msichana aliyekuwa bado hajatimiza miaka kumi na sita na ambaye alijifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyewaandikia wenzake barua za njama. Yeye na dada zake walimtoa Barghash katika nyumba iliyozingirwa kwa kumvisha nguo za kike na kumpitisha katikati ya kundi la wanawake, na mambo yakaishia kwa mizinga katika shamba lililoitwa, ajabu ya mambo, Marseille. Lakini iko tofauti moja inayokipa kitabu cha Dumas uchungu wake. Majid na Barghash walikuwa watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, na sote tunajua husuda za nyumba ya namna hiyo zinavyoota. Mfalme Charles, nduguze wawili Anjou na Alençon, na Marguerite ni tumbo moja. Mama yao yuko hai, anakaa nao, anawapenda kwa vipimo visivyo sawa, na kipimo hicho ndicho kinachowaua.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, na ambayo peke yake inatosha kukihalalishia kitabu bei yake, ni ile ya kitabu cha sumu. Catherine anapata kitabu cha zamani cha uwindaji wa kutumia ndege kozi, kitu adimu anachojua kwamba Henri atakitamani, na kurasa zake zinatiwa sumu hata zikashikana. Anayekifungua hana budi kulowesha kidole ulimini ili azitenganishe. Mwanawe mdogo, Alençon, ndiye anayekwenda kukiweka katika chumba cha Henri. Anaporudi kuchungulia kama mtego umenasa, anamkuta mtu ameinama mezani akisoma kwa hamu, akitia kidole mdomoni, akigeuza ukurasa, akitia tena. Mtu huyo si Henri. Ni mfalme, kaka yake. Alençon angeweza kupiga ukelele. Anasimama pale, anapiga hesabu ya kiti kitakachobaki wazi, na hasemi neno. Nilipokuwa mdogo chuoni, mwalimu wetu alikuwa akitukataza kulowesha vidole kwa mate tunapofungua juzuu, na kwa miaka mingi sikuwa nimelifikiria tena katazo hilo. Usiku ule nilijikuta nimekishika kitabu changu kwa ncha za kucha.

Yanayofuata ni mazito zaidi ya sumu yenyewe. Mbwa wa mfalme, Actéon, anatafuna ukurasa wa kitabu kile na kufa, na kwa kifo cha mbwa Charles anatambua kuwa na yeye anakufa. Anamwita René, Mflorensi muuza uturi na mtengeneza sumu wa daraja la Saint-Michel, na anaupata ukweli: kitabu kimetoka kwa mama yake. Wakati huo huo Catherine ameshapata mtu wa kumtwisha hatia. La Mole, kijana wa Kihugenoti anayependana na Marguerite, aliwahi kutengenezewa na René sanamu ndogo ya nta iliyochomwa sindano moyoni na kuandikwa herufi M, kwa ajili ya mapenzi. Catherine anadai kuwa sanamu ni ya mfalme, kwamba ni uchawi, na kwamba M ni herufi ya kwanza ya neno la Kifaransa lenye maana ya mauti. Sisi tunaweza kuisoma hila hiyo bila ya kuitafsiri, maana kwa Kiswahili pia mauti na mapenzi na Marguerite vyote huanza kwa herufi hiyo hiyo. Mfalme anajua kuwa La Mole hana kosa. Anamwacha ahukumiwe, kwa sababu akimwokoa itabidi dunia iambiwe ni nani aliyemuua mfalme wa Ufaransa, na aibu hiyo nyumba yake haiwezi kuibeba.

Nilimsomea bibi kurasa hizo polepole nikizitafsiri. Aliposikia kwamba mtoto anakufa huku akimsitiri mama aliyemtilia sumu, alisema, "Basi huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye." Sijaona mahali uchambuzi wa sura hiyo ulioipita kauli hiyo. Charles anaingia kitabuni akiwa katili, mtu wa hasira za ghafla, mfalme aliyeridhia mauaji ya wageni wake, na Dumas hamsafishi. Hata hivyo anatuonyesha pia namna anavyompeleka Henri kwa siri kumwona mwanamke anayempenda, Marie Touchet, na mtoto wao mchanga, na namna anavyomshukuru Henri aliyemwokoa na nguruwe mwitu machakani. Anapokufa Mei 1574, akiwa na umri wa miaka 23, nilimhurumia bila ya kusahau aliyoyatenda, na kumfanya msomaji ashike vitu hivyo viwili kwa pamoja si kazi ndogo.

Urafiki wa La Mole na Coconnas ni uti mwingine wa kitabu. Wanawasili Paris siku moja, wanafikia nyumba moja ya wageni katika barabara ya Arbre-Sec, mmoja Mprotestanti na mwingine Mkatoliki, wanakula meza moja, na kengele inapolia Coconnas anatoka kumsaka mwenzake kwa upanga. Wanaponea wote wawili wakiwa hoi kwa majeraha, na katika kuuguzana wanakuwa ndugu. Baadaye Coconnas anampa mkono mkata vichwa wa Serikali, Caboche, mtu ambaye hapana muungwana aliyethubutu kumshika. Siku ya mateso, Coconnas akiwa ameshitakiwa pamoja na La Mole, Caboche anaulipa mkono ule: kabari anazompigilia Coconnas miguuni ni za ngozi, hazivunji mfupa. La Mole hakuwa na bahati hiyo. Asubuhi ya kukatwa vichwa ni Coconnas, mwenye miguu mizima, anayembeba rafiki yake hadi jukwaani.

Kasoro zipo, na sipendi mtu anunue bila ya kuzijua. Kitabu kina sura zaidi ya 60, na kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya gazeti, kwa msaada wa mwandishi mwenzake Auguste Maquet, kuna sehemu za katikati ambazo watu wanaingia na kutoka milangoni, wanajificha makabatini na kupotezana gizani kwa namna inayochosha. Majina nayo ni mengi, na wanaoitwa Henri peke yao ni watatu. Niliandika orodha kwenye karatasi nikaiweka katika kurasa za mwanzo, na namshauri kila msomaji afanye hivyo.

Kasoro kubwa zaidi ni ya haki. Dumas anamfanya Catherine kuwa chanzo cha kila kifo, akimtwika hata kile cha mama yake Henri, Jeanne d'Albret, aliyefariki Juni 1572. Wanahistoria wanaona mama huyo alikufa kwa maradhi, na Charles mwenyewe huelezwa kuwa aliuliwa na kifua kikuu. Katika riwaya mwandishi ana ruhusa ya kubuni, lakini msomaji wa skuli anayekichukua kama kitabu cha tarehe atapotea. Marguerite naye amepunguzwa. Mwanamke huyu aliandika kumbukumbu za maisha yake mwenyewe, na humo alieleza namna bwana mmoja aliyejeruhiwa alivyomkimbilia chumbani usiku wa mauaji. Dumas alilichukua tukio hilo akalijengea hadithi yote ya mapenzi na La Mole. Mkataba anaoufunga na Henri usiku wa harusi, kwamba kama hawatakuwa mke na mume basi watakuwa washirika waaminifu, ni sura nzuri mno. Baada ya hapo angestahili kupewa zaidi ya kulia na kungoja. Sisi tuliozoea kumsoma binti wa kifalme kwa kalamu yake mwenyewe tunaliona pengo hilo upesi.

Kuhusu nakala yenyewe, niliinunua katika duka moja la vitabu mjini, toleo la bei nafuu lenye maandishi madogo mno. Gundi ya mgongo iliachia kabla sijafika nusu, kwa joto letu na unyevu wa bahari, ikanibidi niishone kwa uzi wa kushonea kofia. Atakayeweza anunue toleo lililoshonwa. Aangalie pia jina la jaladani, kwani matoleo ya Kiingereza huuzwa kwa majina tofauti, mojawapo likiwa Marguerite de Valois, na ni rahisi kununua kitabu kimoja mara mbili. Tafsiri ya Kiswahili sijaiona, na naitamani kwa dhati, maana mazungumzo ya Dumas ni mafupi, makali na ya baraza, na yalinijia kwa Kiswahili bila ya kuyalazimisha. Mwandishi huyu, ambaye bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa Mwafrika katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, angesomeka vizuri sana katika lugha yetu.

Riwaya mbili zinazofuata katika mfululizo huu bado nazitafuta. Usiku nilipomaliza, bibi aliuliza kama Henri alikipata kiti. Nikamjibu kwamba alikipata mwaka 1589, ndugu wote watatu walipokwisha kufa, kama zilivyosema zile nyota. Akaniuliza, "Na yule mkewe?" Nikamwambia waliachana kwa ridhaa mwaka 1599, na kwamba uzeeni alirudi kukaa Paris, akawa anaingia katika nyumba ya mumewe wa zamani na kucheza na watoto wa mke wa pili.