Betri ya mota ya boti ilivyotaka kuniunguzia nyumba, na kijana wa duka akanicheka

Anayetaka kujua mota inasukuma kilo ngapi akasome boksi. Mimi nimekasirika, na hasira yangu ni ya betri, halafu ya kijana mmoja wa duka la vifaa vya umeme hapa Kisumu mjini aliyeniambia mbele ya wateja: "Madam, si umwambie mzee wa nyumbani akuonyeshe kuchaji?"

Nina boti ndogo pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nawabeba wageni wa kuangalia ndege kwenye mafunjo, na jioni wale wa kupiga picha jua likizama. Injini ya petroli ilikuwa inafukuza ndege kabla hatujafika, ndiyo sababu nikanunua mota ya umeme, betri na chaja, vyote duka hilo hilo. Mota yenyewe ni tamu, sitadanganya. Siku ya kwanza tulimsogelea mdiria mpaka tukaona kisamaki mdomoni mwake bado kinarusharusha mkia.

Sasa betri. Nachajia kwenye korido, ng'ambo ya mlango wa watoto. Usiku mmoja, kipindi kile cha mvua nyingi, nikaamshwa na harufu ya mayai viza. Nikalaumu choo. Kufika koridoni chaja inavuma, taa bado nyekundu ingawa niliiwasha kabla ya taarifa ya habari, na betri nikiigusa ubavuni siwezi kuhesabu hadi tatu. Ubavu wenyewe umefura kama tumbo la ndama aliyekula majani mabichi. Nikazima swichi ya ukutani kwanza, nikafungua madirisha yote, na vile vibanio vya chaja sikuvigusa mpaka upepo ulipopita, maana gesi inayotoka pale ikikutana na cheche moja tu inalipuka. Watoto walikuwa wanakoroma.

Asubuhi nikaipandisha boda, wima, hadi dukani. Kijana hakuigusa. Mita ilikuwa pale mezani mbele yake, hakuichukua. "Betri zote hupata moto zikichajiwa." Nikamwambia kupata joto ni kawaida, kufura si kawaida. Hapo ndipo alipoleta hiyo ya mzee wa nyumbani. Wateja wawili wakacheka, mmoja akakohoa kuficha. Kwa taarifa yake, mzee wa nyumba ile ni mimi. Nimelea watoto wanne kwa ziwa hilo.

Nikatoka pale nikiilaani chaja. Nilizunguka ufuo mzima wa Dunga nikiwaambia wenzangu wasiinunue, ni takataka, haijui kuacha. Wiki mbili hivi nilikuwa na wimbo huo mmoja.

Mwishowe nikampelekea fundi mmoja wa Kibuye. Akaweka mita: 10.4. "Mama, hii ina maiti ndani." Betri kama hii ina seli sita, kila moja volti mbili na kidogo, zikijaa zote unasoma kama 12.6. Hapo moja imeondoka. Akaitoa nje peupe, akamfukuza kijana aliyekuwa na sigara, akafungua vifuniko na kuiunganisha kwa dakika chache. Seli tano zikaanza kutokota kama uji. Ya sita kimya, haina hata povu. Akanieleza: chaja inasubiri volti zifike 14 na nusu hivi ndipo ipunguze. Kwa seli tano hazifiki ng'o, basi inasukuma tu usiku kucha na hizo tano zinapikwa.

Kwa hiyo chaja haina makosa? Nusu yake haina. Ile ya maana ingejikatia yenyewe baada ya saa kadhaa, lakini wacha niiombe radhi kwa hiyo nusu. Na niseme ukweli wote: gugumaji lilipoziba ufuo niliiacha betri tupu siku nyingi bila kuichaji, na betri za risasi hazipendi kulala njaa. Tena nilishawahi kuendesha propela ikiwa imejiviringisha magugu, mota ikigugumia na kunyonya umeme kuliko kawaida. Basi labda na mimi nimo. Nilikuwa karibu kumsamehe yule kijana.

Lakini vile vifuniko! Fundi alivifikia kwa kisu, kwa sababu juu yake palikuwa na kibandiko kikubwa cha dukani kinachosema betri hii haihitaji kuongezwa maji. Chini yake vifuniko sita, vya kufungua kwa mkono. Ndani mabamba ya risasi yamechomoza juu ya maji kama mawe ya ufuoni wakati wa kiangazi. Ingeongezwa maji ya betri, ya shilingi chache tu, tusingefika hapa. Au tungefika polepole, sijui.

Mota nyota tano. Chaja tatu, ilikuwa moja. Duka halipati kitu. Juzi kijana amepiga simu, sasa naitwa "mama yangu", anasema nikiongeza pesa kidogo nitapewa betri nyingine. Nimemwambia nakuja. Kile kibandiko fundi alinibandulia kizima, kiko kwenye pochi.