Watu kumi kwenye mstari mmoja: mimi na mama, Washington hadi San Francisco

Mimi ni fundi cherehani, na tepu haikosi kwenye mkoba wangu hata nikienda sokoni. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba kiti nilichokalia kutoka Washington hadi San Francisco kilikuwa na upana wa inchi 17, kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine. Nilikipima mwenyewe, abiria wa jirani akinitazama. Mwanaume wa kawaida anayekuja kwangu kushonewa shati, bega kwa bega namkuta kwenye 18 au 19. Malizia mwenyewe.

Safari ilikuwa ya harusi. Mpwa wangu anaolewa California, nguo sita za wapambe zote kazi yangu, na mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa shughuli hiyo hiyo. Siku ya kukata tiketi niliona safari mbili za asubuhi: moja ya ndege ndogo yenye njia moja katikati, nyingine ya Boeing 777. Tofauti ya nauli ilikuwa dola 11. Nikaongeza hizo 11 nikachukua kubwa. Si ndiyo ndege inayovuka bahari? Nikajua mama atakaa kwa raha.

Tulipoingia, mama alipita viti vya mbele, akapita pazia, akasimama kwenye mstari wetu. Akahesabu kwa kidole: watatu, njia, wanne, njia, watatu.

"Mwanangu, hii si ni tatu kwa mbili?"

Aliyewahi kupanda basi la mkoani ameelewa. Kule nyumbani kuna basi la mbili kwa mbili, na kuna la tatu kwa mbili, ambalo bodi ni ileile ila kila mstari umeongezwa mtu mmoja. Abiria anajua kabla hajapanda, na nauli ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu Tanzania, ya daraja la kawaida si ile ya daraja la kati. Kinachoniuma kwenye ndege hii ni kwamba mtu wa kumi aliongezwa kimyakimya. Boeing 777 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mashirika mengi yalipanga viti tisa kwa mstari. Kumi yalikuja kuwa mazoea baadaye. Waliopanda Emirates kutoka Dar wanaujua mpangilio huo wa tatu-nne-tatu. Bodi haijapanuka hata sentimita moja.

Mama nilimpa dirisha, mimi nikakaa katikati, na upande wa njia akaja kaka mmoja mpana wa mabega, mstaarabu kabisa. Alipofunga mkanda alinitazama akaomba radhi kabla hajafanya kosa lolote. Nafasi ya miguu, nikisema ukweli, ilikuwa ya kawaida. Watu wengi wakilalamikia ndege hulalamikia magoti, lakini hapa kilichobanwa ni viwiko na mabega. Mkono mmoja wa kiti, viwiko viwili. Kaka yule aliamua kuniachia mimi, akajiegemeza upande wa njia, na hapo akapata adhabu yake: ukiongeza kiti, njia nayo inapungua, kwa hiyo kila kitoroli cha vinywaji kilipopita kilimgonga bega. Mara ya tatu nilimwambia arudi ndani tu, tubanane. Akacheka. Saa tano na nusu ni nyingi, lazima watu wazoeane.

Nilikuwa na pindo la gauni moja la kumalizia kwa mkono. Nilishona mishono kama kumi hivi nikaacha. Kila nikivuta uzi, kiwiko kinaingia kwenye mbavu za mtu.

Nimekuja kufanya hesabu baadaye, na hii ndiyo iliyonishangaza. Kwa ndani 777 ina upana wa takriban mita 5.87. Airbus A320, ile ndogo ya watu sita kwa mstari, ina mita 3.70. Gawanya pamoja na njia zake: kwenye A320 kila mtu anapata sentimita 61 na ushee, kwenye 777 ya watu kumi anapata 58 na ushee. Ya watu tisa ingempa 65. Kwa hiyo nilitoa dola 11 za ziada nikapunguziwa kitambaa. Kurudi tulipanda A320, nikatoa tepu tena (mama akaniambia nimeanza kuwa kichaa), ikasoma karibu 18. Inchi moja. Asiyeshona ataona ni kitu kidogo. Toa inchi moja kwenye kiuno cha gauni la bibi harusi uone.

Shirika nalielewa, silipendi tu. Safari ya ndani haihitaji vitanda vingi mbele wala majiko makubwa ya safari ndefu, kwa hiyo nafasi hiyo inageuzwa viti. Marubani ni walewale wawili, na kila abiria wa ziada anapunguza gharama ya kiti kimoja. Sheria ya Marekani inadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na ndege lazima iweze kutoa watu wote ndani ya sekunde 90 nusu ya milango ikiwa imefungwa. Upana wa kiti ni habari nyingine. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, iweke kipimo cha chini. Mwaka 2022 FAA ikaomba maoni ya wananchi, yakaja zaidi ya 26,000. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Washington ikakataa kuilazimisha itoe kipimo hicho. Sisi huku tunaendelea kubanana.

Mazuri yapo. Makabati ya juu ni makubwa, nguo zangu sita zililala bila kukunjwa hata moja, na hilo kwangu si dogo. Juu ya milima ya Rocky ndege ilitikisika kidogo sana. Wahudumu walikuwa na lugha nzuri, mmoja alimletea mama chai mara mbili bila kuombwa. Kushuka kulichukua muda, mbele ya mkanda wa mizigo ikawa kama soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Ukilazimika kuipanda, kabla ya kulipa fungua ramani ya viti uhesabu herufi za mstari mmoja wa daraja la kawaida. Zikiwa tisa, chukua. Zikiwa kumi, kaa kwenye kile kikundi cha wanne cha katikati, maana hapo hakuna anayeruka zaidi ya mtu mmoja kwenda chooni, wakati wa dirishani anaruka wawili. Mama alijizuia asinywe maji kwa sababu hiyo, nami nililigundua tumeshakaribia kutua. Angalia pia mistari ya mwisho kabisa: mkia wa 777 unapungua upana, na kwenye baadhi ya ndege viti vya dirishani huko vinakuwa viwili badala ya vitatu. Kwa watu wawili wanaosafiri pamoja, hapo ndipo penyewe, kelele za choo mtavumilia.

Nyota mbili kwa tano. Moja ya makabati, nyingine ya yule dada wa chai.