Uzoefu wangu na kozi ya hatua nne kwa wanaofundisha wenzao kazini

Nasimamia makeshia, na mfanyakazi mpya akiletwa, kumfundisha ni jukumu langu. Kozi hii ya saa 10, vipindi 5 vya saa mbili mbili, imetungwa kwa watu kama mimi. Mbinu yenyewe, ya kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha huku ukieleza, kumwachia afanye na kumfuatilia, ni ya zamani: ilisukwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipojaa watu ambao hawajawahi kushika mashine. Baada ya vita ikafika Japani, na Toyota wakaichukua.

Kipindi cha kwanza kiliniteka. Mkufunzi alimwita mshiriki mmoja akamweleza kwa maneno matupu namna ya kufunga fundo la waya wa umeme, lile linalokaa ndani ya kishikizo cha taa ili waya usichomoke ukivutwa. Maelezo yalikuwa sahihi, ila fundo halikufungika. Wa pili akaonyeshwa kwa mikono bila kuambiwa neno, naye akakwama. Wa tatu alikalishwa ubavuni mwa mkufunzi, kwa sababu anayekutazama kwa mbele huona kila kitu kimegeuka. Akaonyeshwa huku akielezwa, kisha akafunga mwenyewe, akitaja kila hatua na sababu yake. Fundo likakaa.

Baada ya hapo kila mmoja wetu alileta kazi yake halisi. Mimi nilileta kubadilisha karatasi ya mashine ya risiti. Hatua ni chache tu: fungua kifuniko, weka roli, vuta ncha itokeze, funga. Lakini kando ya kila hatua lazima uandike jambo linaloweza kuharibu kazi, kumuumiza mtu au kurahisisha mambo, pamoja na sababu. Kwangu jambo hilo lilikuwa upande wa karatasi uliopakwa dawa: lazima uelekee kichwa cha kuchapia, kwa kuwa mashine hizi hazitumii wino. Joto ndilo linaloibua maandishi. Ukigeuza roli, risiti inatoka nyeupe. Keshia anayeijua sababu hiyo hahangaiki akikutana na mashine ya aina nyingine.

Nilipenda pia kwamba katika zile hatua nne za kufundisha, ya kwanza inataka umuulize mwanafunzi anajua nini tayari. Mtu mzima aliyeshika fedha za watu kwingine anakereka ukimwanzia a, be, che. Na lile swali letu la "umeelewa?" mkufunzi alilikataza. Mtu mzima atajibu ndiyo hata kama hajashika kitu, asije akaonekana mzito mbele ya wenzake. Mwache afanye, aeleze, ndipo utajua.

Kasoro yake ni kubwa, nami sitaificha. Hatua ya nne ni kufuatilia: mpe mtu kazi, mwoneshe wa kumuuliza, mpitie mara kwa mara, kisha punguza taratibu. Wenye kozi walitufundisha hilo vizuri, halafu wao wenyewe wakatukabidhi vyeti na kutoweka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau upesi tusichokirudia. Simu moja tu baada ya wiki chache ingetosha.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Kwa kazi za mikono zenye hatua zinazoonekana, jiandikishe bila wasiwasi. Kama unataka kufundisha watu kutuliza mteja mwenye hasira, tafuta kozi yenye maigizo na mazoezi ya mazungumzo, hii haitakufikisha.