Kimea cha shayiri au cha mtama kwa bia ya shambani?

Saison, bia ya mashambani ya Wallonia, Ubelgiji, inapenda joto. Hamira zake nyingi huchacha vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 32, kwa hiyo mtu wa Mwanza hahitaji jokofu. Kazi ni kuchagua kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa.

Shayiri ni rahisi: maji ya nyuzi 65 kwa saa moja, wanga unageuka sukari, na maganda yake yenyewe ndiyo chujio. Tatizo ni kuagiza mbali.

Mtama uko sokoni, unauotesha mwenyewe. Loweka, tandaza kwenye gunia bichi, vichipukizi vikitokeza anika juani. Vikikauka, vipukute vyote pamoja na mizizi, maana vina sumu ya sianidi. Hapo usifanye haraka hata kidogo! Tena wanga wake hulainika kuanzia karibu nyuzi 70, joto linaloharibu vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na punje isiyo na ganda huziba chujio. Mtama mwekundu una ukakasi, chukua mweupe.

Mimi nachanganya: robo tatu shayiri, robo mtama uliopikwa uji kwanza. Ladha inakuwa kavu, nyepesi, nzuri mno kwa sato wa kuchoma. Hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu? Saaz ya Ucheki. Uchungu wake mdogo hauufuniki mtama.