Heavy ya Kiese Laymon: mama anapoitwa "wewe"

Nilianza na toleo la sauti la Heavy, kitabu cha kumbukumbu za maisha ya Kiese Laymon, maana mwandishi amelisoma mwenyewe, na dakika kumi za kwanza nilitaka kuzima. Kitabu kizima anazungumza na mama yake, na anamwita "wewe". Wewe ulifanya hivi, wewe ulisema vile. Najua kwa Kiingereza neno hilo halina adabu wala utovu wa adabu. Lakini sikio langu limekulia Kiswahili, na mama haambiwi "wewe" hata ukiwa na mvi.

Nikavumilia. Namshukuru aliyenisihi nivumilie.

Kitabu kilitoka 2018. Laymon amekulia Jackson, Mississippi, Marekani, kwa mama msomi, mhadhiri wa chuo kikuu, aliyemchapa vibaya kwa hofu kwamba mtoto mweusi asiyenyooshwa nyumbani atanyooshwa na polisi. Mama huyohuyo ndiye aliyemkalisha chini asome, aandike insha, arudie tena. Kwa hiyo kalamu inayomshtaki, yeye ndiye aliyeitia mkononi mwa mwanawe. Hapo ndipo niliponasa. Simulizi nyingi za aina hii humfanya mama malaika au shetani, basi. Huyu anampenda mama yake na anamwogopa katika sentensi moja, na hajaribu kutupatanishia.

Namba za mizani zilinichosha kidogo. Anafika paundi 319, karibu kilo 145, kisha anajinyima chakula na kukimbia mpaka 159, na kila hatua tunapimwa naye. Kamari, ambayo mama na mwana wote iliwateka huku wakidanganyana, ningetamani aipe kurasa zaidi. Bibi yake, mzaa mama, kila akiingia, mtu unapata kuvuta pumzi.

Tahadhari: kuna vipigo na watoto kudhalilishwa kingono, na halainishi. Kama una jeraha la aina hiyo, usisikilize usiku peke yako. Mimi nilisimamisha mara tatu, mara moja kwa siku nne nzima.

Baadaye nilinunua na cha karatasi. Ukiweza kuchagua, chukua sauti. Kwenye karatasi ile "wewe" inasomeka kama shtaka. Kwa sauti yake, mara nyingi ni mtoto anayeita kutoka chumba cha pili, anataka kujua kama mama bado yupo.