Vipimo Viwili vya Utumbo Unaovuja: Kimoja Nakirudisha Boksini

Haya wadau wa Kusini, karibuni. Mtwara joto hili, feni nimezima ili mnisikie, kwa hiyo twende haraka. Leo ni vipimo viwili vya utumbo unaovuja, yaani ukuta wa utumbo uliolegea ukapitisha visivyotakiwa kupita.

Hiki cha kupima zonulin, protini inayolegeza ukuta wa utumbo, kwenye choo, naweka pembeni. Tangu 2009 inajulikana zonulin ni prehaptoglobini 2, yaani hatua ya awali ya protini ya damu iitwayo haptoglobini 2, na baadhi ya vipimo vya ELISA (vya kunasa protini kwa kingamwili) vilivyoko sokoni vilipochunguzwa vikakutwa vinanasa protini nyingine. Tena mwenye haptoglobini 1-1, yaani aliyerithi aina ya 1 tu kwa wazazi wote wawili, hatengenezi zonulin kabisa. Wenzetu wa chaneli nyingine wanakisifu kwa sababu ni kijiko kimoja cha choo, basi.

Cha sukari mbili ndicho cha maana. Sogeza kamera. Hii lactulose, ile ile dawa ya kulainisha choo: ikiwa ni gramu 10 kwa mililita 15, basi mililita 7.5 ndiyo gramu 5. Kifuko hiki, mannitol gramu 1. Koroga kwenye glasi ya maji. Mannitol ni molekuli ndogo, inapita. Lactulose kubwa, haitakiwi kupita. Zote hutoka kwenye mkojo, wanapima uwiano wake, lactulose kwa mannitol; ukipanda ndiyo kuvuja. Tumbo likichelewa kumwaga au figo zikisuasua, zote mbili zinaathirika, ndiyo maana uwiano ni bora kuliko sukari moja.

Lala bila kula. Saa 12 asubuhi kojoa, mwaga, kunywa dawa, kisha kusanya kila tone mpaka saa 5.

Sasa kilichoniudhi: hili dumu! Angalieni. Halina mistari ya mililita, halina hata tone la dawa ya kuzuia bakteria. Uwiano hauhitaji ujazo, sawa, lakini asilimia ya kila sukari iliyotoka utaipataje bila ujazo? Na mkojo ukikaa kwenye joto la hapa, halafu usafiri kwa basi kilomita zaidi ya 500 hadi Dar, bakteria wanakula sukari. Wakila mannitol zaidi, uwiano unapanda, unaambiwa utumbo unavuja, kumbe limevuja dumu. Kwa hiyo: chombo chenye mistari, klorheksidini au thaimoli kama maabara yako inavyoelekeza, andika ujazo, toa sampuli ndogo, gandisha.

Kosa la upande wa pili ni chakula. Uyoga una mannitol, na bigijii nyingi zisizo na sukari pia. Mtu wa Newala amekula uyoga usiku, mannitol inajaa, uwiano unashuka, anapewa majibu mazuri ya uongo. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nayo hulegeza utumbo wenyewe. Ila usikatishe dawa za daktari bila kumuuliza.

Na tuelewane, 'utumbo unaovuja' si ugonjwa wenye jina hospitali. Kizuizi hulegea kweli kwa wenye seliaki (utumbo kuumizwa na gluteni ya ngano) na Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), ila kipimo hakikwambii ni ugonjwa upi. Unaharisha damu au unakonda? Pesa hiyo peleka kwa daktari.

Bei? Ongeza nauli ya mzigo na barafu, ndipo useme ni nafuu. Jumapili saa 2 usiku tupo laivu, leteni majibu yenu ya maabara, majina mfiche kwanza.